SOMO: Seti ngapi zinatosha ukipiga chuma kizito? (Soma lote ndipo uulize)

Wakuu, kila wiki swali ni lile lile: "Nipige seti ngapi?" (seti ni marudio yanayopigwa mfululizo bila kupumzika). Idadi inaamuliwa na uchovu wa siku hiyo, na uchovu unapimika. Mfano ni skwati (kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani), mtu anayepiga kilo 140 mara 5.

1. Pasha mwili: chuma kitupu mara 10, 60×5 (kilo 60 mara 5), 90×3, 110×2, 125×1. Hizi hazihesabiwi.

2. Seti ya juu: 140×5, ubaki na akiba ya marudio 2, yaani ungeweza kutoa mawili zaidi kwa umbo safi, la tatu usingeliweza.

3. Shusha asilimia 5. Hapa ni 133, tunafunga 132.5.

4. Piga seti za 5 kwa uzito huo mpaka akiba ishuke kufika 2. Ikifika, rudisha chuma, skwati imeisha leo. Ukomo ni seti 5 hata kama bado unajisikia simba.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pumzika dakika 4 kwa saa, si kwa kukisia. Ukirudi baada ya 2, seti itakuwa nzito, utaacha mapema ukidhani umechoka kumbe hujapumzika. Halafu akiba inasomwa kwenye mwendo wa chuma, si kwenye jasho. Rudio la 5 likipanda karibu sawa na la kwanza, una 4 au zaidi. Likipungua kasi waziwazi bila kukwama, ni kama 2. Likikwama katikati, nyonga zikatangulia kifua, umeshapitiliza. ONYO: usishushe uzito tena ili "umalizie" seti tano. Ukishashusha, kipimo kimekufa.

5. Andika uzito, marudio, akiba na idadi ya seti.

6. Ukimaliza seti 5 na akiba bado 3, ongeza kilo 2.5 wiki ijayo. Ukiishia seti 1 mazoezi mawili mfululizo, uchovu umerundikana: wiki nzima kata seti kwa nusu na uzito kwa asilimia 10.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo seti ngapi?
Hatua ya 4.

— Mimi napumzika sekunde 90 na naenda fresh tu. Dakika 4 ni uvivu.
Basi mzigo wako si mzito. Ongeza kilo halafu urudi na daftari.

— Kwa nini dakika 4, wakati pumzi inarudi mapema?
Swali zuri. Pumzi inatangulia. Seti fupi nzito inatumia zaidi fosfokreatini, yaani nishati ya haraka iliyo ndani ya msuli, na hiyo huchukua kama dakika 3 hadi 5 kujaa karibu yote. Kwa mazoezi madogo ya mikono, 2 zinatosha.

— Dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni) ni hivyo hivyo?
Ndiyo, ila ukomo ni seti 3. Mgongo wa chini unachelewa kupona, na skwati ya kesho kutwa italipa deni.

— Nitajuaje kama nakadiria akiba vizuri?
Rekodi video kutoka ubavuni, ulinganishe rudio la kwanza na la mwisho. Pia mara moja kwa mwezi, ndani ya fremu yenye vizuizi vya usalama, taja akiba kwa sauti kisha endelea mpaka ushindwe. Wageni wengi husema 2 wakatoa 5.

— Na mkanda wa kiunoni nifunge kuanzia seti ipi?
Kuanzia 110, na uubakize kwenye seti zote za 132.5. Ukiuvua katikati unalinganisha vitu viwili tofauti.