Kukagua nzi weupe wa muhogo, kuanzia yai

Ingia shambani asubuhi mapema, nzi weupe (Bemisia tabaci) wakiwa bado wazito kuruka. Pita kwa mistari miwili inayokatana kama X, ukague mimea 30. Shika kikonyo, geuza jani taratibu, hesabu wazima (nzi waliokomaa, wenye mabawa) chini ya majani matano ya juu. Andika idadi ya kila mmea. Wastani peke yake huficha mimea iliyovamiwa sana.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea: watoto hawakai na wazazi. Jike hutaga kwenye majani machanga, lakini muhogo huendelea kurefuka, hivyo tunutu (watoto wasio na mabawa bado) wanapokomaa jani lao limeshabaki chini. Chuma na majani ya kati, utazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Yai lina urefu wa milimita 0.2 hivi, limesimama kwa kijikia kilichochomekwa ndani ya jani. Tunutu mchanga hutambaa kidogo. Akishachomeka mdomo na kuanza kufyonza utomvu, hahami tena hadi awe na mabawa. Hatua ya nne ya tunutu, ya mwisho, utaijua kwa macho mekundu. Kwenye nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, safari nzima, toka yai hadi nzi mzima, ni wiki tatu hadi nne.

Ganda tupu lenye mpasuko wa herufi T limetoa nzi. Lenye tundu la mviringo limetoa nyigu mdogo aliyemla tunutu kwa ndani. Ukiona matundu hayo kwa wingi, tafadhali usipulize dawa: nyigu hao wanakufanyia kazi.

Dawa ina tatizo jingine, la urithi. Yai lisilorutubishwa hutoa dume mwenye kromosomu 10. Lililorutubishwa hutoa jike mwenye 20. Dume hana nakala ya pili ya jeni zake, kwa hiyo jeni ya usugu (ya kustahimili dawa) haiwezi kufichwa ndani yake. Asiye nayo hufa, aliye nayo hubaki na kupanda majike. Kurudia kiuatilifu cha kundi lilelile huharakisha usugu. Wala dawa haiponyi mmea wenye batobato au michirizi ya kahawia, magonjwa ya virusi yanayoenezwa na nzi hawa. Ung'oe, na upande pingili safi.

Kwa macho huwezi kutofautisha makundi ya kijenetiki ya nzi weupe, kama SSA1 (moja ya makundi ya Afrika kusini mwa Sahara) na mengineyo. Kwa uchunguzi wa vinasaba, hifadhi sampuli kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, kila shamba na kichupa chake. Chukua na tunutu wa hatua ya nne: mzima huenda ametua tu akitokea zao jingine, tunutu amekulia kwenye muhogo huo.