Kutumia Kruzi Kontroli kwa Usalama, Hatua kwa Hatua

Kruzi kontroli ya kawaida hufanya kazi moja tu, nayo ni kushikilia mwendo uliouchagua ili mguu wako upumzike katika safari ndefu. Haioni gari lililo mbele, haijui kona, wala haitambui kwamba barabara imelowa. Hayo yote hubaki juu ya dereva.

Hatua ya 1: Vijue vitufe gari likiwa limesimama. Kwa kawaida viko kwenye usukani au kwenye kijiti kidogo kando yake: swichi kuu, kitufe cha SET (kuweka mwendo), cha RES (kurudisha mwendo uliowekwa awali) na cha CANCEL (kuukatisha mfumo). Vizoee mpaka kidole gumba kivipate bila macho kuondoka barabarani, kwa sababu gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata takriban mita 28 kila sekunde.

Hatua ya 2: Chagua barabara. Inayofaa ni barabara kuu iliyonyooka, kavu na yenye magari machache. Katika msongamano, kona kali, changarawe au matope, endesha kwa mguu wako mwenyewe; na ukihisi usingizi, simama upumzike, kwani mguu usio na kazi huongeza uzito wa kope.

Mvua inahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo madereva wengi wazuri hujiamini kupita kiasi. Gari likiingia kwenye maji yaliyotuama, maji huyazuia magurudumu na mwendo hupungua, nao mfumo, ambao kazi yake ni kuurudisha mwendo ule ule, unaweza kuongeza mafuta wakati huohuo ambapo dereva makini angekuwa anaachia taratibu. Tairi zikikosa mshiko, gari huteleza. Kwa hiyo, matone ya kwanza yakigonga kioo, uzime.

Hatua ya 3: Weka mwendo. Washa swichi kuu na uhakikishe alama yake imewaka kwenye dashibodi, kisha ufikie mwendo unaoutaka, ulio ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, kwa kukanyaga mafuta kama kawaida. Magari mengi hukataa kuanza chini ya takriban kilomita 40 kwa saa. Bonyeza SET, achia, halafu ondoa mguu polepole. Ninapomfundisha dereva, kitu cha kwanza kukitazama hapa ni mguu wake wa kulia: kisigino kikae sakafuni mbele ya breki, tayari kukanyaga. Mguu uliokunjwa chini ya kiti huchelewa kurudi, na gari huendelea kusonga muda wote huo.

Hatua ya 4: Jaribu kujitoa mapema. Mara tu baada ya kuweka mwendo, barabara ikiwa tupu nyuma yako, gusa breki kidogo uone mfumo ukiachia, kisha uweke tena na ujaribu CANCEL. Katika magari mengi ya gia za mkono, kukanyaga klachi nako huukatisha.

Hatua ya 5: Kuwa mwangalifu na RES. Ukishagusa breki, mwendo wa awali haufutiki. Hubaki kwenye kumbukumbu. Ukiwa nyuma ya lori linalokwenda kilomita 50 kwa saa ukabonyeza RES, gari litaanza kukimbilia kilomita 100 ulizoweka awali. Kibonyeze tu pale ambapo mwendo huo bado unafaa.

Hatua ya 6: Kwenye mteremko mrefu, hasa ukiwa na mzigo, uzime na utumie gia ndogo. Mifumo mingi ya kawaida hupunguza mafuta tu bila kufunga breki, hivyo gari linaweza kupita mwendo uliouweka.

Kama gari lako lina mfumo wenye rada unaofuata gari la mbele, chagua nafasi ndefu zaidi kati yako na gari hilo na usafishe sehemu ya mbele ilipo rada, kwa kuwa tope huweza kuizuia. Hata hivyo, mifumo hiyo inaweza kushindwa kulitambua gari lililosimama kabisa barabarani. Ukiona taa za breki mbele, kanyaga mwenyewe bila kungoja.

Hatua ya 7: Kabla ya kutoka barabara kuu, zima kwa swichi kuu badala ya CANCEL pekee. Katika magari mengi kufanya hivyo hufuta mwendo uliohifadhiwa, na kitufe kikiguswa kwa bahati mbaya katikati ya mji, gari halitaongeza kasi.