Kempingi ya familia kwenye ziwa la milimani: anza na usiku, halafu maji

Wazazi wenzangu, watu wengi wakipanga kwenda kukempi ziwani huko juu milimani wanaanza na mambo ya mchana, nani ataogelea, nani atavua samaki, picha tutapigia upande gani, halafu usiku wanamwachia Mungu. Mimi nasema anzeni na usiku. Mtoto aliyelala vizuri kesho yake anacheza na kijiti na mawe kutwa nzima na ana raha zake, ila aliyekesha anatetemeka hata umpe boti yake mwenyewe atalia tu anataka kwenda nyumbani. Jambo la pili ni maji, na hilo nitalieleza kwa urefu manake hapo hakuna kubahatisha. Hayo mawili yakikaa sawa mengine yanarekebishika hukohuko.

Baridi sasa. Kila mkipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu hivi kwa wastani, kwa hiyo mkitoka chini mkapanda mita 2000 mmeshapoteza nyuzi kama 13 hata kabla jua halijazama, na ni kiangazi hichohicho mlichokiacha nyumbani watu wanalala bila shuka. Jua likizama mbingu ikiwa nyeupe bila wingu joto la ardhi linapotea haraka sana. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, hewa ya baridi ni nzito, inateremka kwenye miteremko usiku inakwenda kukaa bondeni, na ziwa ndo liko bondeni. Yaani pale pazuri kabisa pembeni ya maji ambapo kila mtu anataka kuweka hema ndo penye baridi zaidi, umande zaidi na mbu zaidi. Pandeni kidogo, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, ambazo kwa hatua za mtu mzima ni kama 80 hivi, na hifadhi nyingi zina sheria ya umbali kama huo kwa hiyo mnaua ndege wawili kwa jiwe moja. Tafuteni mahali tambarare, msiweke kwenye kijia cha maji hata kama kimekauka, na kabla ya kupiga kigingi cha kwanza angalieni juu kama kuna matawi makavu yanayoweza kuanguka. Mkipata sehemu inayopigwa na jua la asubuhi ichukueni, hema litakauka mapema na watoto watatoka nje wenyewe bila kuvutwa.

Kitanda ndo kila kitu. Baridi inayoamsha watoto saa 9 usiku mara nyingi inatoka chini, siyo juu, na watu wanarundika mablanketi juu wakati mgongo umelala kwenye ardhi baridi. Yale magodoro ya kujaza upepo ya kawaida ni laini ndiyo lakini hewa iliyomo ndani inazunguka na kubeba joto la mwili kulipeleka chini, kwa hiyo tandika mkeka wa sponji ngumu juu yake, au tumia godoro lililotengenezwa kwa kempingi lenye kuzuia baridi. Slipingi begi, yaani mifuko ya kulalia, zisomeni lebo vizuri, nyingi zina namba mbili za nyuzi joto, moja ya kulala kwa raha na nyingine ya mwisho wa kuvumilia, mnunulie mtoto kwa ile ya raha na muache nyuzi kadhaa za akiba. Mtoto mdogo ndani ya begi la mtu mzima anabaki na nafasi kubwa tupu miguuni ambayo mwili wake hauwezi kuipasha, ikunje hiyo sehemu chini au uifunge kwa kamba. Kabla ya kulala kila mtu abadili nguo zote mpaka soksi, hata kama zinaonekana kavu maana jasho limo, apate kitu cha kula, aende kukojoa, na kama kuna anayesikia baridi sana jaza chupa maji ya moto, kaza kifuniko, ivalishe soksi umwekee miguuni.

Dirisha la hema liacheni wazi kidogo hata kukiwa na baridi. Pumzi za watu wanne usiku mzima zinageuka matone ndani ya hema na asubuhi kila kitu kimelowa. Na jambo ambalo halina ruhusa yoyote: jiko la gesi, la mkaa au la mafuta haliingii ndani ya hema kupasha joto, hata dakika 5, hata mlango ukiwa wazi. Jiko linatoa gesi ya sumu ya kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki na inaua watu wakiwa usingizini.

Hema lijaribuni nyumbani kwanza, watoto wakiwepo, mhesabu vigingi. Siku ya safari fikeni mapema, mbaki na masaa matatu ya mwanga angalau, kusimamisha hema gizani na watoto wenye njaa ni kuanza safari kwa ugomvi. Na kaeni usiku mbili au zaidi kama mnaweza, usiku wa kwanza watoto hawalali vizuri kwa sababu kila sauti ni mpya, raha inaanza siku ya pili.

Maji

Ziwa la milimani kiangazi linadanganya. Jua linapasha maji ya juu tu, tabaka jembamba, chini yake kuna maji ya baridi kabisa, mengine ni ya theluji iliyoyeyuka. Mtoto anaingiza mguu anasema ni ya vuguvugu, anatembea mpaka kiunoni bado yuko sawa, akiruka kutoka kwenye jiwe anapita lile tabaka kwa sekunde moja na huko chini mwili unashtuka. Mshtuko huo unamfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji anavuta maji. Maji ya chini ya nyuzi 15 yanaweza kumfanyia hivyo hata mtu mzima anayejua kuogelea vizuri. Kwa hiyo kuingia ni polepole, kujimwagia usoni na kifuani kwanza, na kuruka hapana. Wafundisheni watoto hili moja mpaka walishike: ukianguka kwenye maji baridi usihangaike kuogelea, lala chali uelee, pumzi itatulia ndani ya dakika moja au zaidi kidogo, hapo ndo uelekee ufukweni. Wakianza kutetemeka au midomo kubadilika rangi wanatoka, hata wakilia.

Maji safi pia yanadanganya macho, kina cha mita 2 ukiangalia kutoka juu kinaonekana kama mita 1 na nusu. Unadhani mtoto atagusa chini, hagusi.

Laifu jaketi, yaani koti la kuelea, ni lazima kwa kila mtoto anayekaribia maji, siyo kwenye boti tu. Ichukueni kwa uzito wa mtoto ulioandikwa ndani, msinunue kubwa eti atakua nayo. Mvalishe, funga zipu na mikanda yote, halafu shika mabegani pale juu uinyanyue. Ikipanda mpaka masikioni na kidevu kikazama ndani, haifai, kaza tena au tafuta ndogo zaidi. Kwa wadogo chagua yenye mkanda unaopita katikati ya miguu na mto wa nyuma ya kichwa. Yale maboya ya kujaza upepo yenye sura za wanyama ni vitu vya kuchezea tu, upepo wa mchana ukivuma unayasukuma katikati ya ziwa haraka kuliko baba anavyoweza kuogelea.

Halafu mchagueni mlinzi wa maji. Mtu mmoja mzima, kwa zamu, hana simu mkononi, hapiki, hapigi stori, kazi yake ni macho kwenye maji tu. Mnapobadilishana mseme kwa sauti, "sasa ni wewe," na mwenzako ajibu, kwa sababu watoto wengi wanazama watu wazima wakiwa hapohapo, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema, anakuwa kimya, kichwa kimelegea nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini. Watoto wadogo mkae nao umbali wa mkono, siyo umbali wa kuita.

Mambo ya majini yafanyeni asubuhi. Milimani kiangazi radi nyingi zinakuja mchana kuelekea jioni, mawingu yanajengeka kuanzia saa 5 au 6 na yanafika haraka. Mkisikia ngurumo hata ya mbali kila mtu atoke majini papo hapo. Ukitaka kujua iko wapi hesabu sekunde kutoka mwanga mpaka ngurumo ugawe kwa 3, unapata kilomita, ila usingoje kuhesabu ndo uamue. Kaeni ndani ya gari madirisha yamefungwa au nyumba ya kweli, hema halikingi radi, mti uliosimama peke yake ndo kabisa, na msubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mengine kwa haraka. Jua la juu ni kali hata ukisikia ubaridi, mionzi inaongezeka kama asilimia 10 kila mita 1000 na maji yanairudisha usoni, kofia ziwe na ukingo na losheni ya jua ipakwe tena kila masaa mawili. Mkilala juu ya mita 2500 angalieni maumivu ya kichwa na kutapika, kwa mtoto asiyeweza kujieleza utaona amekuwa mlegevu, hataki kula wala kucheza, msipande zaidi, na akizidi mteremke hata kama ni usiku. Maji ya ziwa yachemsheni hata yakiwa meupe kama kioo, dakika 1 ya kutokota kabisa, na juu ya mita 2000 dakika 3. Huko juu maji yanatokota kabla ya kufika nyuzi 100, mita 2000 ni kama 93, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu sana na gesi inaisha, vitu vigumu vipikeni nyumbani. Chakula, pipi na hata dawa za meno visilale hemani, wekeni ndani ya gari au kwenye sanduku la kambi, wanyama wana pua. Choo kama hakipo chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji zile hatua 80 au zaidi, na sabuni yoyote isiingie ziwani.

Kila mtoto avae filimbi shingoni, akipotea asitembee, akae alipo apulize mara tatu, anyamaze, apulize tena. Mitandao ya simu huko mara nyingi hamna, shusheni ramani kabla, na mwachieni mtu nyumbani taarifa ya mahali mlipo na siku ya kurudi.

Moto uwashwe panaporuhusiwa tu. Kuuzima ni kumwaga maji, kukoroga majivu, kumwaga tena, mpaka ukipitisha mgongo wa mkono husikii joto. Siku ya kuondoka hema litakuwa na umande, likunjeni hivyohivyo kama hamna muda, ila mkifika nyumbani lianikeni siku hiyohiyo likauke mpaka kwenye mishono kabla ya kulirudisha mfukoni, ukungu ukishaingia kwenye kitambaa hautoki.