Kufufua injini ya lori kuukuu ukiwa mwanafunzi mfuko mwepesi

Usikimbilie kununua spea kabla hujajua ugonjwa. Kama ni ya petroli azima kwanza geji ya kompresheni (kipimo cha mgandamizo ndani ya silinda), pima kila silinda, ile iliyo chini itilie kijiko kimoja cha oili halafu pima tena: ikipanda basi ringi za pistoni zimeisha, isipopanda angalia valvu au gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini), na hapo unaweza kukuta kazi ni ya hedi tu na umeokoa hela nyingi sana.

Ukifumua piga picha kila hatua, bolti weka kwenye vikopo vyenye majina. Vifuniko vya koniroti (mikono inayounganisha pistoni na kranki, ile shafti kuu ya injini) usivichanganye kabisa jamani!! kila kimoja kinarudi kwa mwenzake na upande uleule, la sivyo utaua beringi.

Kusafisha fanya mwenyewe, ni jasho tu. Hela peleka kwa fundi wa mashine apime silinda na kranki, hapo usibane. Ringi, beringi, gasketi na sili nunua mpya, ila pistoni zikiwa ndani ya kipimo cha manyo (kitabu cha maelekezo cha injini) zirudishe tu.

Ringi mpya iingize peke yake kwenye silinda, pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Silinda ya milimita 90 inataka mwanya wa kama milimita 0.36 hivi, ukiwa mdogo sana ikipata moto ncha zinagusana inavunjika.

Bolti za hedi kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza (ya kuazima inatosha).