Kufuatilia Ugonjwa wa Moyo Katika Ukoo

Ukoo unapokusanyika Moshi kwa Krismasi, chukua daftari. Uliza nani alipata shambulio la moyo au kiharusi, na hasa akiwa na umri gani. Baba au kaka kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65: hapo shuku urithi. Aliyeanguka ghafla shambani naye mwandike.

Kisha pimeni lehemu (kolesteroli). LDL, yaani lehemu mbaya, ya 4.9 mmol/L au zaidi kwa mtu mzima, hata mwembamba anayepanda milima kila siku, huenda inatokana na hitilafu ya jeni ya LDLR: ini linashindwa kuondoa lehemu kwenye damu. Papasa kano nyuma ya kisigino. Ikiwa nene yenye vinundu vigumu, mwonyeshe daktari. Kila mtoto wa mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kurithi, apimwe pia. Kupunguza mafuta pekee hakutoshi. Kwa kawaida huhitajika statini, dawa za kushusha lehemu.

Shinikizo la damu huchangiwa na jeni nyingi, kila moja kidogo, na chumvi huzidisha. Pumzika dakika 5 ukiwa umekaa, mkono usawa wa moyo, upime mara mbili. Ukipima punde baada ya kupanda kilima, namba zitadanganya.