Kabla Hujanunua Mwongozo wa Uhariri, Upime kwa Mswada Wako

Vijana wanaoanza kuhariri hapa Mwanza huniuliza wanunue kitabu gani. Huwarudishia swali: anayekulipa ni nani? Mwanafunzi mwenye tasnifu, shirika lenye ripoti ya wavuvi wa dagaa, au mwalimu mstaafu na riwaya yake?

Kwa tasnifu huna la kuchagua. Chuo kimeshaamua, omba waraka wao uufuate, hata pale unapokuudhi. Wakisema APA, yaani mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, uliza toleo. La 7, la mwaka 2019, liliondoa mji wa mchapishaji kwenye marejeleo, ilhali fotokopi za toleo la 6 bado zinaudai. Kwa vitabu vya Kiingereza mimi ni mtu wa Chicago, yaani mwongozo uitwao The Chicago Manual of Style, toleo la 18 la mwaka 2024. Ni kitabu kinene, na faharasa yake ndiyo utakayoichakaza.

Usikiamini kwa sifa, kijaribu. Chukua sentensi korofi ya mswada ulio nao mezani, tuseme: “Saa 2.30 asubuhi wavuvi 45 walishusha Sangara Mwaloni Kirumba.” Tafuta jibu la kila kitu. Hiyo 45? Katika maandishi ya kawaida Chicago huandika kwa maneno hadi mia moja. APA huanza tarakimu kwenye 10. Sangara kwa herufi kubwa? Hapana, ni samaki tu. Mwandishi akiongeza jina lake la kisayansi, Lates niloticus, hilo ndilo la italiki, na neno la pili hubaki herufi ndogo. Ila kwenye saa 2.30 vitabu vya Kiingereza vitakuacha solemba, maana kwao 2.30 ni saa nane na nusu yetu.

Kwa hiyo kazi ya Kiswahili hutegemea kamusi kwanza: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka mara ya kwanza 1981, au Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ya 2015. Ukiweza miliki zote, lakini kila mswada upe hakimu mmoja, la sivyo ukurasa wa 10 utagombana na wa 90.

Yasiyomo kwenye kamusi yaandike kwenye karatasi ya maamuzi: Ziwa Victoria kwa c, Sh 5,000 bila nukta, saa 2:30 kwa nukta mbili. Mteja aisaini kabla hujagusa sura ya kwanza. Akigeuza mawazo mwishoni, hiyo ni kazi mpya na ina bei yake.