Somo: Jinsi ya kuchagua programu ya kupanga kitabu kirefu cha kiufundi

Wakuu, habari za leo. Wengi wetu huchagua programu kwa kuangalia ukurasa mmoja ulivyopendeza. Kwa kijarida cha kurasa 16 inatosha. Kwenye mwongozo wa mashine wenye kurasa 300, kinachokuumiza ni namba.

Niliwahi kupanga mwongozo wa pampu za maji, kurasa 240, namba za michoro nikiziandika kwa mkono. Zimebaki siku mbili uende kuchapwa, mteja akaongeza mchoro mmoja sura ya pili. Mchoro 12 ukawa 13, na kila "tazama Mchoro..." iliyofuata ikawa uongo. Fundi aliyeambiwa akaze boliti angejikuta anatazama picha ya vali. Nilikesha nikisahihisha, na bado mbili zilinipita.

Hatua ya 1. Jiulize nani atahariri kitabu baada yako. Kama ni injinia anayejua Word tu, jibu lako limeshapungua nusu.

Hatua ya 2. Tengeneza faili la majaribio: sura tatu fupi, kila moja na michoro miwili, jedwali na tanbihi, pamoja na sentensi tano zinazomtuma msomaji sura nyingine. Usiandike namba hata moja kwa mkono. Zote ziwekwe na programu.

Hatua ya 3. Hii ndiyo yenyewe. Hamisha sura ya tatu iwe ya kwanza, kisha sasisha (kwenye Word ni Ctrl+A halafu F9). Soma kila "tazama" kwa jicho lako. Halafu futa mchoro mmoja uone programu itakuambia nini. LaTeX (programu ya kupanga kitabu kwa kuandika amri badala ya kubofya) huchapa ?? palipokuwa na namba, huwezi kuikosa. Programu inayonyamaza, achana nayo.

Hatua ya 4. Linganisha bei na kompyuta uliyonayo.

Kwa maoni yangu: hesabu zikiwa nyingi, chukua LaTeX, ni ya bure na haichoshi mashine ndogo. FrameMaker ilitengenezwa kwa kazi hizi hasa, ila ni ya kulipia, na toleo la Mac lilisitishwa 2004. InDesign inaunganisha sura kwa faili la kitabu na kurasa zake zinavutia, lakini milinganyo ya hesabu itakutesa. Scribus naipenda kwa mabango. Kitabu kirefu sikushauri.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sina hela ya leseni na LaTeX inanitisha. Nifanyeje?
Anza na LyX. Unaandika kama kawaida, LaTeX inafanya kazi nyuma ya pazia. Au LibreOffice Writer, ukiweka kila sura faili lake na kuziunganisha kwa hati kuu.

Kwenye LaTeX nimeweka \ref (amri ya kuita namba ya mchoro) lakini bado naona ??. Nimekosea wapi?
Endesha mara ya pili. Mara ya kwanza LaTeX inaandika namba kwenye faili la pembeni, ya pili ndipo inazisoma. Zikibaki, linganisha herufi za jina uliloupa mchoro kwenye \label na za jina uliloita kwenye \ref.

Kitabu kipo Word, kurasa 180, namba zote za mkono. Nihamie programu nyingine?
Usihame kwanza. Weka staili za vichwa na namba za kujiendesha humohumo, sura moja kwa siku. Ukihama na namba za mkono, unahama na ugonjwa wako.